Mpiga piano wa miaka 16 anayelenga jukwaa la klasiki: aandae nini, na kwa mpangilio gani?

Mwalimu_wa_Nota

Wakuu, heshima kwenu. Swali langu ni kwa wanaofundisha piano ngazi ya juu au wanaofanya kazi na wapiga piano wa jukwaani.

Mwanafunzi ana miaka 16. Mkononi ana preludi na fuga nne za Bach (fuga ni muziki wa sauti kadhaa zinazofuatana), sonata mbili za Beethoven (op. 2 namba 1 na op. 31 namba 2; op. ni namba ya kazi), etudi tatu za Chopin (vipande vya ufundi wa mkono), na sasa ameanza konserto (kazi ya piano na okestra) ya Mozart ya D maina, K. 466 kwenye orodha ya kazi zake. Anafanya mazoezi saa tatu hadi nne kwa siku. Lengo ni konservatori akifika miaka 18, kisha kuishi kwa resitali (maonyesho ya peke yake) na konserto. Vidole anavyo, lakini mbele ya watu kukariri kunamtupa, hasa kwenye sonata.

Naomba kujua programu ya usaili ijengwe vipi, tatizo la kukariri litibiwe vipi, na kama mashindano ni lazima. Pia wakala anaingia lini na anachukua nini? Maelezo ya jumla kama "afanye bidii" tunayo ya kutosha.

---

Fuga_ya_Tatu

Karibu mkuu. Naanza na usaili kwa sababu ndio wenye tarehe, mengine yanaweza kusubiri.

Vyuo vingi vinadai mambo yaleyale kwa maneno tofauti: preludi na fuga moja kutoka zile 48 za Bach, sonata nzima ya Haydn, Mozart, Beethoven au Schubert, etudi moja au mbili za kasi, kipande kikubwa cha karne ya 19, na kimoja cha karne ya 20 au baada yake. Watu hukwama kwenye maandishi madogo. Sonata za op. 49 na ile ya op. 79 za Beethoven vyuo vingi havizipokei kwa kuwa ni nyepesi. Kwenye etudi za Chopin, op. 10 namba 3, op. 10 namba 6 na op. 25 namba 7 mara nyingi zimezuiwa, maana ni za mwendo wa taratibu na majaji wanataka kuona mkono ukifanya kazi. Angalia kama zile tatu alizonazo hazimo humo.

Usimpe etudi ngumu kuliko zote kwa ajili ya kutisha. Op. 10 namba 2 ikipigwa kwa mkono uliokakamaa, jopo linajua ndani ya sekunde 20, kwa sababu vidole vya 3, 4 na 5 vinaanza kuchelewa na sauti za chini za mkono huohuo wa kulia zinakuwa nzito. Op. 10 namba 4 au op. 25 namba 12 iliyokaa vizuri ina faida zaidi.

Kuhusu sonata, maoni yangu ni kwamba Haydn anasahaulika bure. Ni fupi, haina pa kujificha, na inaonyesha kama kijana anajua kunyamaza. Jopo lililosikiliza "Appassionata" ya Beethoven tangu asubuhi linashukuru.

Ratiba: kila kipande kikae mkononi miezi minne, kiachwe wiki sita bila kuguswa, kirudishwe. Kinaporudi ndipo utaona kilichoshika na kilichokuwa kimebebwa na mazoea. Kwa hiyo kama video ya mchujo inatakiwa mapema Desemba, na vyuo vingi viko hapo, programu yote iwe imekaririwa ifikapo Mei. Kipande kilichoanzwa Agosti kisiingie kwenye video hata kama ndicho anachokipenda.

Video yenyewe: kila kipande kirekodiwe mfululizo bila kukatwa, mikono na uso vionekane kwenye picha moja, kamera iwe upande wa kulia wa mpigaji. Msitumie maikrofoni ya simu. Simu hupandisha sauti ndogo na kubana sauti kubwa yenyewe, matokeo yake pianissimo na fortissimo zinatoka sawa na kijana anaonekana hana rangi. Chukueni kirekodi cha kujitegemea, kikae takriban mita mbili kutoka piano upande kifuniko kinakofungukia, urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama, na kiwango cha sauti kiwekwe kwa mkono baada ya kupima sehemu yenye kelele kuliko zote. Piano ityuniwe siku hiyohiyo.

Jambo ambalo fomu hazisemi wazi: chuoni unaingia kwenye darasa la mwalimu fulani, na mwalimu ana nafasi chache. Curtis kule Philadelphia, kilichoanzishwa 1924 na ambacho hakitozi ada ya masomo tangu 1928, huchukua kwa kuangalia nafasi zilizobaki wazi mwaka huo. Mwaka ambao hakuna aliyehitimu, mlango ni mwembamba hata kwa aliye hodari. Kwa hiyo aombe somo la majaribio kwa mwalimu anayemtaka, mwaka mmoja kabla. Wengi hukubali wakiandikiwa kwa heshima, wakatumiwa rekodi ya dakika kumi isiyozidi.

---

Mkono_wa_Kushoto

Nakazia hapo kwenye kuacha wiki sita. Sasa kukariri.

Umesema anatupwa "hasa kwenye sonata". Hiyo ina sababu yake. Sonata inapita njia moja mara mbili, na mara ya pili kuna njia panda. Chukua op. 2 namba 1 aliyonayo, sehemu ya kwanza. Inaanza F maina, na dhamira (wimbo mkuu) ya pili inakuja kwa A-flati meja. Nyenzo hizohizo zikirudi mwishoni, dhamira ya pili inabaki F maina. Vidole havijui ni mara ya ngapi. Vikifika kwenye daraja kati ya dhamira hizo mbili vinachukua njia iliyozoeleka zaidi, ambayo ni ile ya mwanzo kwa sababu hurudiwa mara nyingi, na kijana anajikuta A-flati akiwa ameshapita sehemu ya kati. Hapo anaganda au anazunguka upya.

Dawa ni kuzikabili njia panda zenyewe. Achukue vipimo (bar) vinne kabla ya tofauti na vinne baada yake, apige ya kwanza, kisha ya pili, mara tano kwa kubadilishana, huku akitaja kwa sauti ufunguo anaokwenda. Aandike kwa penseli noti ya kwanza ya besi inayotofautiana. Mara nyingi ni noti moja tu, lakini asipoijua kwa jina ameegemea bahati.

Pili, aweke vituo. Kila vipimo 8 hadi 16, mahali ambapo sentensi ya muziki inaanza, pana namba. Sehemu nzima itakuwa na vituo kumi hadi ishirini. Aweze kuanzia kituo chochote unachomtajia bila kuangalia karatasi, na aanze mazoezi kutoka kituo cha mwisho kurudi nyuma, maana mwisho wa kipande karibu kila mara ndio umefanyiwa kazi kidogo. Jukwaani akipotea sheria ni moja: anaruka mbele kwenda kituo kinachofuata, harudi nyuma kamwe. Msikilizaji wa kawaida hatambui vipimo sita vilivyorukwa. Kusimama anakutambua.

Tatu, mkono wa kushoto peke yake, kwa kukariri, bila pedali, nusu ya mwendo. Mwendo ukishuka mazoea ya misuli yanakatika, kinachobaki ni kile anachokijua kichwani. Kwenye fuga afanye zaidi: aimbe sauti moja huku akipiga nyingine. Fuga ikianguka huwa ni sauti ya kati, ile inayogawanywa kati ya mikono miwili.

Halafu, kabla ya siku kubwa, apige programu nzima mbele ya watu walau mara tatu mahali ambapo hakuna kinachopotea akikosea. Mwalimu akikaa peke yake kwenye kiti hiyo haihesabiki.

Saa tatu hadi nne zinatosha kwa sasa. Ziende hadi tano, kwa vipande vya dakika 45 na mapumziko ya kweli katikati, simu haihesabiki kuwa mapumziko. Oktava na vifungu vizito visizidi dakika kumi kwa mkupuo. Kitufe cha piano kubwa kinashuka takriban milimita 10, na karibu na mwisho wa safari hiyo nyundo inaachiwa, inakwenda yenyewe kwenye nyuzi. Baada ya hapo hakuna nguvu inayobadilisha sauti. Kijana anayeendelea kukandamiza chini anaumiza mkono kwa kazi isiyosikika, na wengi hufanya hivyo bila kujua. Mjaribu hivi: apige sauti za pamoja kwa nguvu, azishikilie, wewe uinue kiwiko chake kwa kidole. Kisipoinuka kwa urahisi, anakandamiza.

Ganzi kwenye kidole cha nne na cha tano, au kwenye gumba na viwili vinavyofuata, ni dalili ya neva iliyobanwa: asimame, aone daktari, asipake dawa ya misuli na kuendelea. Na kuna baya lisilouma kabisa. Vidole vya 4 na 5 vinaanza kujikunja vyenyewe kwenye vifungu alivyokuwa akivipiga bila shida. Hiyo ndiyo iliyomtoa mpiga piano Leon Fleisher kwenye kazi ya mikono miwili katikati ya miaka ya 1960, akabaki miaka mingi na muziki wa mkono wa kushoto. Kuongeza mazoezi hapo ni kuongeza tatizo.

---

Jopo_la_Pembeni

Mashindano: si lazima, ila msidanganyane kwamba hayana maana. Tofauti iko kwenye aina.

Mashindano makubwa yanatoa kalenda, fedha ni nyongeza. Mshindi wa Cliburn, yale ya Fort Worth ya kila miaka minne, anapata usimamizi wa kazi zake kwa miaka mitatu pamoja na maonyesho. Yunchan Lim alishinda 2022 akiwa na miaka 18. Hesabu nyingine ya mashindano hayo ndiyo ngumu: miaka mitatu ikiisha mshindi mpya yuko njiani, na waandaaji wanamgeukia huyo. Aliyeingia na konserto mbili tu hana cha kuwauzia mara ya pili.

Angalia pia kila shindano linadai nini mkononi. Lile la Chopin la Warsaw, lililoanza 1927 na hufanyika kila miaka mitano, ni Chopin peke yake kuanzia mchujo hadi fainali. Kijana akijifungia huko miaka miwili asipite, anatoka na programu ambayo nusu yake haifai kwingine. Queen Elisabeth la Brussels linapima kitu tofauti: wanaoingia fainali hutengwa wiki nzima na nota za kazi mpya ambayo haijachapishwa, waitengeneze bila mwalimu wala simu. Anayesoma nota taratibu asipoteze nauli. Kusoma nota mpya dakika 20 kila siku ni zoezi ambalo wapiga piano wa peke yao hulidharau mno.

Na kushindwa si hukumu. Mwaka 1980 Ivo Pogorelich hakufika fainali ya Warsaw, mpiga piano Martha Argerich akajiuzulu kwenye jopo kwa kupinga, na kazi ya Pogorelich ikapaa kuliko za wengi waliopita.

Kwa miaka 16 hadi 18 mimi ningesema mawili kwa mwaka, ya vijana, yenye okestra kwenye fainali. Tumia orodha ya shirikisho la mashindano ya muziki la Geneva, lipo tangu 1957, kuepuka yale ya mtandaoni ambayo kila aliyelipa ada ya kujiandikisha anapewa "nafasi ya kwanza". Vyeti hivyo kwenye wasifu vinaharibu kuliko kusaidia.

---

Fuga_ya_Tatu

@Jopo_la_Pembeni mawili kwa mwaka ni mengi kwa mtu anayejiandaa na usaili. Moja, na liwe linalokubali programu ileile ya usaili. La sivyo anajifunza vipande vya kutupwa.

---

Jopo_la_Pembeni

Sawa, mwaka wa usaili moja. Hapo nakubali.

---

Kalenda_Wazi

Niingie kwenye kazi yenyewe na wakala, maana hapa ndipo vijana wanaliwa.

Mlango ambao watu hawaupangii ni kuziba nafasi ya aliyeugua. André Watts alikuwa na miaka 16 mwaka 1963 alipomzibia Glenn Gould na New York Philharmonic kwa konserto ya kwanza ya Liszt. Mwaka 1999 Lang Lang naye akamzibia Watts huko Ravinia, konserto ya kwanza ya Tchaikovsky, na okestra ya Chicago. Yuja Wang, 2007, akaziba nafasi ya Argerich kule Boston, Tchaikovsky ileile. Wote walikuwa wazuri, hilo halina mjadala, lakini angalia lingine: konserto iliyohitajika ilikuwa tayari.

Kwa hiyo mwanafunzi awe na orodha ya ngazi tatu, iliyoandikwa, na mwenye kumsimamia awe nayo: konserto anazoweza kupiga ndani ya siku tatu, ndani ya wiki mbili, na ndani ya miezi miwili. Kufikia miaka 20, ngazi ya kwanza iwe na mbili au tatu: Mozart moja (K. 466 inafaa sana), Beethoven ya tatu au ya nne, na moja kubwa ya Tchaikovsky, Rachmaninoff au Prokofiev. Za ngazi ya kwanza zipigwe nzima mara moja kila wiki mbili hata kama hakuna onyesho. Na ajue okestra inapiga nini. Kwenye mazoezi ya pamoja atapata nafasi moja, pengine mbili, kisha jukwaa. Asiyejua ni filimbi au obua inayompokeza sentensi anatumia muda huo kutafuta mahali alipo. Afanye kazi na mtu kwenye piano ya pili anayepiga sehemu ya okestra, na mtu huyo achelewe makusudi, aharakishe makusudi.

Wakala: asitafutwe kabla ya kuwa na kitu cha kumuuzia. Kabla ya hapo kuna mipango ya vijana inayofanya kazi hiyo, kama Young Concert Artists ya New York tangu 1961 au New Generation Artists ya BBC tangu 1999. Kamisheni ya kawaida ni asilimia 15 hadi 20 ya malipo ghafi. Neno "ghafi" ndilo lenye uchungu. Tuseme onyesho ni yuro 3,000, kamisheni asilimia 20 na kodi ya zuio asilimia 15. Zinatoka 600 na 450, zimebaki 1,950, halafu nauli na hoteli kama mwandaaji halipi. Kodi ya msanii kwa kawaida hukatwa nchi anakopiga: Uingereza asilimia 20, Marekani asilimia 30 kwa mgeni asiye mkazi, isipokuwa kama kumeombwa nafuu mapema. Mapema maana yake miezi, na risiti ya kodi iliyokatwa idaiwe palepale, bila hiyo nyumbani atatozwa tena.

Kwenye mkataba soma vitu vitatu. Eneo: dunia nzima au nchi fulani tu? Wakala mdogo anayetaka dunia nzima huku kazi anazipata nchi mbili amekufungia milango. Muda: miaka miwili au mitatu, na namna ya kutoka. Na kamisheni baada ya kuachana: ikomee kwenye maonyesho aliyoyafunga yeye kabla ya tarehe ya mwisho. Anayedai malipo ya kila mwezi kabla hajaleta onyesho hata moja, mpige chini.

---

Fundi_Nyuzi

Kwa upande wa chombo, maana mpiga piano habebi chake. Piano ya ukumbi mkubwa ina karibu mita 2.74 na kila moja ina tabia yake. Mwanafunzi akipewa dakika 30 za kujaribu asizitumie kupiga programu. Kwanza kiti: kimo, na kama kinalia. Kisha pedali ya kulia: ashushe taratibu akisikiliza ni wapi hasa vizimia sauti vinaanza kuachana na nyuzi, maana hapo ndipo nusu pedali ilipo na hutofautiana sana. Pedali ya kushoto: inasogeza nyundo pembeni zipige nyuzi mbili badala ya tatu, na kwenye piano zenye nyundo zilizochakaa rangi inageuka ghafla, si polepole. Kisha noti zinazorudiwa haraka, pianissimo, sehemu ya juu. Zikikosa mlio amwambie fundi kabla ya mchana. Mengine tunarekebisha kwa dakika kumi, lakini hakuna anayegusa mashine saa moja kabla ya onyesho.

Kama ana sonata ya "Waldstein" ya Beethoven kwenye programu, ajaribu ule mteremko wa oktava (kuteleza kwa vidole juu ya vitufe) wa mwishoni kwenye piano hiyohiyo. Kwenye vitufe vizito na vyenye kina hauteremki, na ni bora awe na mpango wa pili, kama kuugawanya kwa mikono miwili.

Ukumbi ukijaa watu sauti inakauka. Pedali iliyotosha mchana itasikika fupi usiku.

---

Mwalimu_wa_Nota

Shukrani sana wakuu, nimenakili yote. La mwisho: K. 466 kadensa (sehemu anayopiga peke yake okestra ikiwa imenyamaza) atumie ipi? Na majaji wanaangalia nini hapo?

---

Mkono_wa_Kushoto

Mozart hakuacha kadensa za konserto hiyo. Wengi hupiga za Beethoven, WoO 58 (orodha ya kazi zake zisizo na namba ya op.), na kwa usaili au shindano hizo hazina ubishi. Ya kwake mwenyewe inaruhusiwa karibu kila mahali, soma kanuni tu, na isizidi dakika mbili.

Wanaangalia kama mwendo unabaki na mantiki hata okestra ikiwa imenyamaza, na hasa namna anavyotoka. Trili (noti mbili jirani zinazopokezana haraka) ya mwisho ndiyo ishara ya kiongozi wa okestra. Iwe na mwendo unaohesabika na imalizike kwa noti mbili zilizo wazi, zisiharakishwe. Akizimeza, fidla zinaingia zimechelewa. Mwambie pia atoe kwa kiongozi nakala ya kadensa kabla ya mazoezi, yenye alama kwenye vipimo vinne vya mwisho.